Neno Machoni pa Kompyuta: Mifuatano ya Herufi na Sarufi ya Kiswahili

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba neno lina pande nyingi: lina sauti, lina umbo, lina maana, na lina kazi yake katika sentensi. Kompyuta haina habari ya mambo hayo. Kwake neno ni alama zilizopangwa moja baada ya nyingine, na kila alama ni namba. Mpangilio huo katika mhadhara huu utaitwa mfuatano wa herufi, au mfuatano kwa kifupi, ingawa ndani yake mnaweza kuwamo pia tarakimu, vituo vya uandishi, na nafasi tupu zinazotenga maneno.

Shughuli zinazofanywa juu ya mfuatano ni chache, na zote ni nyepesi kueleza. Programu huweza kupima urefu wake, kukata kipande chake, kuunganisha mifuatano miwili, kulinganisha mmoja na mwingine ili kujua upi utangulie, kutafuta kipande ndani ya mfuatano mrefu, na kukibadilisha kwa kingine. Karibu kila kazi ya maandishi inayofanywa na mashine, tangu kupanga orodha ya wanafunzi hadi kutayarisha kamusi, hujengwa juu ya shughuli hizo. Wepesi wake ndio unaodanganya. Zilibuniwa na kuzoeleka mahali ambapo Kiingereza kilikuwa lugha ya kila siku, na ndani yake mmejificha dhana kuhusu lugha ambazo mwandishi wa programu mara nyingi hazioni: kwamba neno huandikwa kwa herufi ishirini na sita na hakuna zaidi, kwamba kiini cha neno hukaa mwanzoni mwake, na kwamba neno moja likiondolewa na jingine kuwekwa mahali pake, maneno jirani hayatikisiki. Kiswahili hakikubaliani na hata mojawapo ya dhana hizo.

Ritifaa ya ng'ombe

Mwaka 1963 ulitolewa nchini Marekani msimbo uitwao ASCII, ambao ulikamilishwa kwa herufi ndogo mwaka 1967. Katika msimbo huo herufi kubwa A ni namba 65 na Z ni 90. Herufi ndogo a ni 97 na z ni 122. Nafasi tupu ni 32. Na ritifaa, ile alama ndogo ya juu katika ng', ni 39. Tahajia ya Kiswahili iliyosanifiwa chini ya Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, haikuhitaji alama za juu wala za chini ya herufi, hivyo Kiswahili kiliingia katika msimbo huo bila taabu. Lugha nyingi za Afrika zenye herufi kama ɓ na ɛ hazikupata bahati hiyo. Zilihitaji msimbo mpana zaidi, na toleo la kwanza la msimbo wa Unicode lilitoka mwaka 1991.

Hata hivyo, wepesi huo una tundu moja. Neno ng'ombe lina alama saba machoni pa kompyuta, na ya tatu ni ritifaa. Msemaji wa Kiswahili huiona ritifaa hiyo kuwa sehemu ya sauti. Zana nyingi za kompyuta huihesabu kuwa kituo cha uandishi. Kwa hiyo programu iliyoamriwa kukata matini katika maneno na kuhesabu marudio yake huweza kulipasua ng'ombe likawa "ng" na "ombe". Hapo kosa huonekana. Lakini ng'oa hupasuliwa likawa "ng" na "oa", na "oa" ni neno halali la Kiswahili. Matini ya kilimo yenye magugu mengi ya kung'olewa yaweza basi kutoa takwimu za kushangaza juu ya ndoa, na mtafiti asiyerudi kuisoma matini yenyewe hatagundua.

Tatizo huzidi kwa sababu ritifaa si moja. Programu za kuandikia hupenda kuibadilisha alama namba 39 kuwa alama iliyopinda, ambayo katika Unicode ni namba 8217. Jicho la msomaji halijali tofauti hiyo. Kompyuta hujali: ng'ombe wa kwanza na ng’ombe wa pili si sawa, na anayemtafuta mmoja hampati mwingine. Wakihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambao ndio unaotumiwa sana leo, wa kwanza huchukua baiti 7 na wa pili baiti 9. Tena, kwa kuwa 39 iko chini ya herufi zote na 8217 iko juu ya zote, orodha ikipangwa kwa kufuata namba za alama peke yake, ng'ombe mmoja hutangulia ngamia na mwenziwe huja baada ya nguzo. Kwa kanuni hiyohiyo, Zanzibar hutangulia asali, maana Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97.

Dawa yake ni kuzisawazisha alama mlangoni, kabla matini haijaguswa: ritifaa zote zigeuzwe kuwa ya namna moja, na programu iambiwe kwamba ritifaa inayofuata "ng" ni sehemu ya neno. Kisha mtunga kamusi aamue kama ng' ni herufi ya peke yake inayokuja baada ya ng, au ichanganywe nayo. Uamuzi huo ni wa mwanaisimu. Akinyamaza, namba za msimbo zitamwamulia.

Silabi, mizani na vina

Lugha nyingi za programu huweza kuugeuza mfuatano ukasomeka kuanzia mwisho. Neno chakula likigeuzwa hivyo hutoa "alukahc", kitu kisichotamkika. Watu wa pwani wana mchezo wao wa zamani wa kugeuza maneno, uitwao kinyume, ambao huichukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzoni: chakula huwa "lachaku", nyumba huwa "mbanyu", ng'ombe huwa "mbeng'o". Mchezo huo unaonyesha kwamba kipimo cha neno kwa msemaji wa Kiswahili ni silabi, ilhali kipimo cha mashine ni alama moja moja. Anayetaka kompyuta icheze kinyume hana budi kuifundisha silabi kwanza.

Mwanzo wa somo hilo ni rahisi. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo programu ipite kutoka kushoto kwenda kulia, ikusanye konsonanti hadi ikutane na irabu, ikate hapo, kisha ianze tena. Kanuni hiyo moja hukata sawasawa maneno kama cha-ku-la, nyu-mba na u-ngwa-na. Baada ya hapo huongezwa ya pekee: m ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa b, v au w husimama kama silabi, ndipo mtoto akawa m-to-to, n ya nchi na ya nne nayo husimama. Maneno ya mkopo kama daftari na labda yatahitaji uamuzi, maana yana konsonanti isiyo na irabu yake.

Ugumu wa kweli uko kwenye m inayofuatwa na b. Neno mbuni laweza kuwa ndege mkubwa asiyeruka, na hapo lina silabi mbili, mbu-ni. Laweza kuwa mti uzaao buni, na hapo lina silabi tatu, m-bu-ni, kwa kuwa m ni kiambishi cha ngeli. Laweza pia kuwa mtu anayebuni jambo, silabi tatu vilevile. Mifuatano yote mitatu ni ileile: alama tano, namba zilezile, mpango uleule. Wingi wake ni mbuni, mibuni na wabuni. Hakuna kanuni ya herufi, hata iwe ya werevu namna gani, itakayozitenga maana hizo kwa kulitazama neno peke yake.

Jambo hilo lina uzito kwa wachunguzi wa ushairi. Kipande cha utenzi hutakiwa kuwa na mizani nane, na mizani ni silabi, kwa hiyo programu ya kukagua mizani yaweza kuandikwa kwa kanuni zilizotajwa. Kipande kama "mbuni mle shambani" kina mizani nane ikiwa ni mti, na saba ikiwa ni ndege. Programu ikijua kwamba utenzi wote unashika mizani nane, inaweza kuitumia arudhi kutambua kwamba mshairi alikusudia mti. Hapa bahari ya shairi inamsaidia mwanasarufi, jambo ambalo katika nathari haliwezekani.

Vina navyo vina mtego wake. Anayedhani kwamba kina ni alama mbili za mwisho atakubali kwamba shamba na baba vimelingana, kwa kuwa vyote viwili huishia "ba". Sikio la mshairi litakataa, maana kina cha kwanza ni mba. Kata silabi kwanza, ndipo ulinganishe.

Kwenye hati za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuenea, mambo hugeuka. Unicode ina herufi za p, ch na v zilizoongezwa katika abjadi ya Kiarabu, lakini waandishi wengi wa zamani hawakuzitumia. Herufi ب peke yake ilisimamia b, p na mb. Neno lililoandikwa kwa ب mbili zenye fataha laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Kugeuza kutoka Kilatini kwenda Kiarabu ni kazi ya jedwali; kurudi ni kazi ya kusoma. Programu inayorudisha hati hizo katika Kilatini inapaswa kutoa masomo yote yanayowezekana na kumwachia mhariri achague. Zile zinazotoa jibu moja kwa haraka huzika maswali ya mhakiki kabla hayajaulizwa.

Neno li wapi?

Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, aliyapanga maneno mengi chini ya vitenzi yalikotoka, hivi kwamba anayetafuta upendo humwendea penda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha nomino kwa herufi zake za mwanzo. Mvutano kati ya njia hizo mbili, mzizi au umbo, ndio unaorudi leo ndani ya kompyuta kila mtu anapotafuta neno katika korpasi.

Utafutaji wa kawaida hufuata umbo tu. Anayetafuta "pend" atapata penda, upendo, wapendwa na nakupenda. Hatapata mapenzi wala mpenzi, kwa kuwa d imegeuka z. Hivyo hivyo pika humpoteza mpishi, na fuata humpoteza mfuasi. Waandishi wa programu wana chombo kinachofaa hapa, yaani ruwaza: maelezo mafupi ya mifuatano mingi kwa pamoja, kwa mfano "pen, kisha d au z". Nadharia yake ilitungwa na mwanahisabati Stephen Kleene katika miaka ya 1950, na Ken Thompson aliiingiza katika utafutaji wa matini mwaka 1968. Ruwaza humfaa sana mchunguzi wa mnyambuliko, mradi awe ameijua sarufi kwanza. Kwa kitenzi kifupi kama -la haimsaidii, maana vipande vya "la" vimetapakaa kila mahali: lakini, wala, mlango, salama.

Kwa Kiingereza, njia iliyozoeleka ya kufikia shina ni kukata mwisho wa neno. Kanuni za Martin Porter za mwaka 1980 hufanya hivyo, na zimenakiliwa katika programu nyingi za utafutaji. Zikielekezwa kwa "waliotupikia" hazitafika popote. Mzizi pik uko ndani, umetanguliwa na wa ya nafsi, li ya wakati, o ya rejeshi na tu ya mtendewa, na kufuatwa na i ya kutendea na a ya mwisho.

Umbo kama hilo lafaa kuelezwa kama njia ya basi yenye vituo. Kutoka kituo cha nafsi basi laweza kwenda kituo cha wakati. Kutoka wakati laweza kupitia rejeshi au kuiruka. Kisha mtendewa, kisha mzizi, kisha mnyambuliko, na mwisho kituo cha irabu. Njia nyingine zimefungwa: ki ya masharti haipeleki kwenye rejeshi. Programu huusoma mfuatano ikifuata njia hizo, na ikifika mwisho salama hutoa uchanganuzi. Kimmo Koskenniemi wa Finland alitoa mwaka 1983 mfumo wa namna hiyo uliozingatia pia mabadiliko ya sauti, na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliutumia kujenga uchanganuzi wa mofolojia ya Kiswahili ulioingia katika mfumo wa SALAMA, kazi iliyoanza mwaka 1985. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki ilichanganuliwa kwa zana hizo, na toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Ni kazi kubwa kuliko nyingi zilizofanywa kwa lugha za Kibantu, na nguzo yake ni orodha ya viambishi na kanuni za kuvifuatanisha, yaani sarufi ileile inayofundishwa darasani, iliyoandikwa kwa ukamilifu ambao darasa halidai.

Njia za basi nazo hukutana. "Simba anakula" yaweza kuwa taarifa kwamba simba yumo katika mlo wake, na ku ni ile ya vitenzi vya silabi moja. Yaweza pia kuwa onyo kwamba simba anakula wewe, na ku ni ya mtendewa. Mchanganuzi mzuri hutoa majibu yote mawili na kuyaacha yapambanuliwe na muktadha.

Mitambo mikubwa ya lugha ya miaka hii haina njia za vituo. Huukata mfuatano katika vipande kwa kuhesabu alama zinazoandamana mara nyingi, mbinu iliyotolewa na Philip Gage mwaka 1994 kwa ajili ya kubana data na kuingizwa katika tafsiri ya mashine katikati ya miaka ya 2010. Matini ya kujifunzia yakiwa mengi ya Kiingereza, maneno ya Kiingereza hubaki mazima na ya Kiswahili hukatwakatwa, mara nyingi pasipo mpaka wa mofimu. Athari yake si ya nadharia tu: palipo na malipo kwa kila kipande, sentensi ya Kiswahili hugharimu zaidi ya mwenzake wa Kiingereza mwenye maana ileile.

Kubadilisha na kuunganisha

Shughuli iliyo nyepesi kuliko zote, ya kubadilisha kipande kwa kingine, ndiyo inayoharibu zaidi. Anayebadilisha "watu" kuwa "binadamu" bila kuweka mipaka ya neno atawakuta watumishi wamekuwa "binadamumishi". Hilo hurekebishwa kwa dakika moja. Anayebadilisha "kitabu" kuwa "gazeti" katika "kitabu hiki kizuri kilichonunuliwa jana" hatasaidiwa na mipaka, kwa kuwa alilolibadilisha ni neno moja na sarufi imebadilika katika maneno manne: gazeti hili zuri lililonunuliwa jana.

Kadhia hiyo huwakumba watafsiri wa programu kila siku. Tangu miradi ya mwanzo, kama ule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mtafsiri hupewa vipande vya sentensi vyenye mapengo ya kujazwa na mashine baadaye. Katika Kiingereza jina lolote laweza kuwekwa kwenye pengo la sentensi isemayo kwamba kitu fulani kimefutwa, na sentensi haitaharibika. Katika Kiswahili kitabu kimefutwa, barua imefutwa, jina limefutwa, mkataba umefutwa, na mtumiaji amefutwa. Watafsiri wengi hukimbilia "Imefutwa:" yenye nukta mbili na jina baada yake. Inaeleweka, ila ni Kiswahili cha fomu za ofisini, na msomaji akikizoea katika simu yake mchana kutwa atakiona ndicho Kiswahili.

Kubahatisha ngeli kwa kutazama alama za mwanzo hakutoshi. Kijiko na kiongozi huanza sawa, lakini kijiko kimeondolewa na kiongozi ameondolewa. Kinachohitajika ni jedwali: kila jina lihifadhiwe pamoja na ngeli yake na alama ya uhai, na kila ngeli iwe na orodha ya maumbo yake, kama kime, hiki, chake na kipya. Kisha sentensi iandikwe na pengo mbili, moja la jina na moja la kiambishi. Jedwali la namna hiyo halizidi ukurasa mmoja. Kanuni za idadi zilizotungwa kwa Kiswahili katika hifadhi ya kimataifa ya Unicode hutofautisha umoja na wingi tu, wala hazikukusudiwa kubeba ngeli, kwa hiyo anayezitegemea peke yake atabaki na nusu ya kazi.

Tarakimu huificha shida hii kwa muda. "Vitabu 3", "watu 3", "miti 3" na "nyumba 3" huandikwa kwa alama moja, hadi pale sauti ya mashine inapotakiwa kuzisoma. Hapo 3 huwa vitatu, watatu, mitatu na tatu. Moja hadi tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazifuati. Na katika 23 ni sehemu ya mwisho tu inayofuata, ndipo vitabu vikawa ishirini na vitatu. Programu inayosoma kwa sauti hailazimiki tu kuitazama namba. Hulazimika kurudi nyuma na kulitafuta jina inalolihesabu. Tena itazame kama kuna neno "namba" katikati, kwa sababu vyumba 3 ni vyumba vitatu, lakini chumba namba 3 ni chumba namba tatu.